Mtoto wa mjini yuko darasani, lakini kusoma hajui

TANZANIA ilipofuta ada katika shule za msingi mwaka 2001, na Kenya ikafuata mwaka 2003, madarasa ya mijini yalifurika. Mjadala ukageuka kuwa wa madawati na vyumba. Tathmini za Uwezo, zilizoanza mwaka 2009, zilifichua jambo zito zaidi: watoto wengi wa darasa la tatu walishindwa kusoma hadithi ya darasa la pili.

Utaratibu huo wa kumpima mtoto nyumbani kwao uliigwa kutoka India, kwa shirika la Pratham, lililoanza mwaka 1995 katika vitongoji vya walalahoi mjini Mumbai. Ajabu ni kwamba kipimo kilitangulia kufika huku, dawa ikachelewa.

Dawa yenyewe iliitwa balsakhi, yaani rafiki wa mtoto. Msichana wa mtaa huo huo, aliyemaliza sekondari na asiye na cheti cha ualimu, alichukua watoto wapatao 20 waliobaki nyuma katika darasa la tatu na la nne, akakaa nao saa mbili kila siku ya shule. Hakufuata muhtasari wa darasa lao. Alianzia pale mtoto alipokwama, hata kama ni kwenye herufi. Wachumi, wakiwamo Abhijit Banerjee na Esther Duflo, waliochangia Tuzo ya Nobel mwaka 2019, walilipima jaribio hilo mjini Mumbai na Vadodara kati ya 2001 na 2003. Alama za watoto zilipanda, na waliofaidika zaidi ni wale wa mkiani.

Jambo moja lapasa kuwakera wanaoamini kuwa msongamano ndio chanzo cha yote. Wenzao waliobaki na mwalimu, katika darasa ambalo sasa lilikuwa na nafasi, hawakupata faida ya maana. Vitabu navyo havikufua dafu peke yake: utafiti uliofanyika Busia, Kenya, ulionyesha kuwa vitabu vya bure, vilivyoandikwa kwa Kiingereza, viliwanufaisha wale ambao tayari walikuwa wakifanya vizuri.

Hata hivyo, balsakhi si muujiza. Mwaka mmoja baada ya mafunzo kwisha, sehemu kubwa ya mafanikio ilikuwa imeyeyuka.

Mwaka 2015 Tanzania ilielekeza mtaala wa darasa la kwanza na la pili kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Ni hatua njema, ila haimfikii aliyekwisha kupita madarasa hayo bila kujua kusoma. Huyo, jijini Dar es Salaam, tegemeo lake ni tuisheni, na tuisheni ni ya mwenye fedha. Wakati huohuo mitaa imejaa vijana waliomaliza kidato cha nne wasio na kazi. Kinachosubiri jibu ni iwapo shule ziko tayari kuwafungulia mlango bila cheti, na bajeti ya nani itawalipa.