Mikono ya Mama ni Masomo

Binti akiona bibi yake anafinyanga chungu, anasema: «Ile ni mambo ya ku mugini tu!» Basi sikilizeni habari ya mama Ladi Kwali wa Nigeria.

Alizaliwa katika kijiji cha Kwali, akafundishwa ufinyanzi na shangazi yake. Gurudumu hakuna. Aliviringisha udongo kama kamba nene, akaupanga duara juu ya duara, akabana viungo kwa vidole huku akizunguka chungu. Katika 1954 aliingia chuo cha ufinyanzi cha Abuja, mji unaoitwa leo Suleja. Alikuwa mwanamke wa kwanza pale. Alialikwa hata Uingereza kuonyesha kazi ile ile ya shangazi. Katika 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimpa udaktari wa heshima. Alikufa 1984, na picha yake iko kwenye noti ya naira 20.

Kama shangazi angenyamaza, yote hayo yangetoka wapi?

Wazazi wa migodini, mshahara unaweza kukatika siku moja. Ujuzi wa mikono unabaki. Mama, usingoje. Jumamosi hii muite binti yako, umuonyeshe kile mama yako alikufundisha.