Kamera ya Babu Si Takataka

Ndugu msomaji, juma hili tunakualika ufungue sanduku la chini, lile la vitu ambavyo hakuna anayevitumia wala anayethubutu kuvitupa. Huenda humo mna kamera ya zamani ya filamu, imelala katika mfuko wake wa ngozi tangu mwenyewe alipostaafu au alipofariki. Watoto wataka kuichezea, na mnunuzi wa vyuma chakavu anaiulizia bei. Kabla hujaitoa, tafadhali soma safu hii hadi mwisho.

Wenzetu wa Kasese na Bwera wana sababu ya pekee ya kulifikiri jambo hili. Mwaka 1906 Mwitalia Vittorio Sella alipanda milima ya Rwenzori pamoja na msafara wa Luigi Amedeo, mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia, akaipiga picha. Kilele kimoja kinaitwa Sella hadi leo. Negativu zake zimehifadhiwa katika mji wa Biella, Italia, na picha zilizotoka humo zinaonyesha wazi jinsi theluji ya milima hiyo ilivyopungua tangu wakati ule. Alichokipiga kwa ajili ya msafara mmoja kimekuwa ushahidi kwa vizazi vilivyofuata.

Kasese hiyohiyo imeonja pia upande wa pili. Mwezi Mei 2013, na tena Mei 2020, mto Nyamwamba ulifurika kutoka milimani, ukapita Kilembe na kuharibu nyumba na mali. Godoro likichukuliwa na maji, hununuliwa jingine. Picha ya harusi ya wazazi hainunuliki. Mwenye negativu zilizowekwa mahali salama aweza kuchapisha upya. Mwenye picha moja tu ukutani, ikienda imekwenda.

Basi neno letu ni hili: kamera kuukuu haina heshima kwa sababu ya uzee wake. Heshima yake ni kufanya kazi, na kutunzwa pamoja na negativu zilizotoka ndani yake. Mwenye kukusanya kamera ishirini za kupanga kabatini, zote zimekwama, amekusanya vyuma tu.

Usiifungue kwa pupa

Jambo la kwanza ni kujua kama ndani mna filamu. Katika kamera ya filamu ya milimita 35, zungusha polepole kile kitufe cha kurudishia filamu. Kikiwa kizito, kana kwamba kinavuta kitu, usifungue mgongo wa kamera. Katika kamera kubwa za filamu ya 120, chungulia kidirisha chekundu cha nyuma. Ukiona karatasi yenye namba, filamu imo. Huenda ndani mna sura ya marehemu ambayo haijaonwa na mtu yeyote. Mwanga wa dakika moja utaifuta. Irudishe filamu yote ndani ya kikopo chake, au izungushe hadi mwisho ikiwa ni ya 120, kisha umpelekee mtu ajuaye kazi ya chumba cha giza.

Jambo la pili ni kujua kama filamu yake bado inatengenezwa. Filamu ya milimita 35 na ile ya 120 zingali zinatengenezwa, ingawa hazipatikani katika kila duka. Kwa hiyo Zenit ya Urusi, Yashica ya Japani au Lubitel ya Leningrad bado zaweza kupiga picha. Kamera zinazotumia filamu ya 620 pia zina matumaini, kwa kuwa upana wa filamu hiyo ni sawa na wa 120. Mafundi huihamishia 120 kwenye kigurudumu cha 620 wakiwa gizani. Lakini Kodak Instamatic, iliyoenea sana kuanzia mwaka 1963, ilitaka filamu ya kikasha ambayo viwanda viliacha kuitengeneza. Hiyo iweke kwa kumbukumbu, wala usidanganywe kuinunua kwa bei kubwa ukiikuta sokoni.

Kazi ya nyumbani na kazi ya fundi

Ugonjwa wa kwanza wa kamera iliyolala ni shata, yaani kilango kinachofunguka na kufumba ili mwanga uingie. Mafuta ya zamani hugeuka gundi. Ipime hivi: kamera ikiwa tupu, fungua mgongo wake, ielekeze dirishani, weka mwendo wa sekunde moja, ubonyeze. Kilango kikikaa wazi mno au kisipofunguka kabisa, peleka kwa fundi. Fundi kamera akikosekana, fundi saa mwenye subira aweza kusaidia, kwa kuwa ndani mna springi na magurudumu madogo kama ya saa. Twawasihi akina baba wasitie mafuta ya cherehani. Mafuta hayo huenea mpaka kwenye lenzi, na dawa huwa mbaya kuliko ugonjwa.

Ugonjwa wa pili ni sponji nyeusi zilizo katika kingo za mlango wa nyuma. Zikizeeka huwa kama lami, na mwanga hupenya. Hii ni kazi ya nyumbani: safisha kwa pamba iliyoloweshwa spiriti kidogo na kuzungushwa kwenye njiti ya kiberiti, kisha laza uzi mweusi wa sufi katika mfereji ule.

Kipimo cha mwanga kikifa, usiitupe kamera. Jua likiwa kali, weka tundu la lenzi kwenye 16, na mwendo wa shata ukaribiane na nguvu ya filamu: kwa filamu ya 100, sehemu ya 125 ya sekunde. Lakini taa ya kumulika usiifungue kamwe, hata kama betri imetolewa. Umeme uliobaki ndani waweza kumdhuru mtu vibaya.

Adui ni unyevu

Familia za askari huhama kutoka kambi hadi kambi, na vitu hukaa masandukuni miezi mingi. Mfuko wa ngozi, tunaoudhania kuwa ni kinga, hushika unyevu na kuzaa ukungu unaokula kioo cha lenzi. Itoe kamera humo. Iweke katika kopo lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Sanduku liinuliwe juu ya matofali. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Negativu zishikwe kingoni, zitiwe katika bahasha za karatasi, na juu ya bahasha paandikwe kwa penseli: nani, wapi, mwaka gani. Mali bila daftari huisha bila habari. Kijana mwenye simu aweza kuziweka mbele ya mwanga mweupe, akazipiga picha na kugeuza rangi, ili nakala ikae kwa ndugu wa mbali. Zikipatwa na mafuriko, zisiachwe zikauke zikiwa zimegandamana. Zitie katika maji safi ya baridi, zitenganishe taratibu, uzianike kivulini upesi, kabla siku mbili hazijapita.

Mwaka 2019 Makumbusho ya Uganda mjini Kampala yalionyesha picha za miaka ya 1970 zilizopigwa na wapiga picha wa serikali. Negativu zake zilikuwa zimekaa miaka mingi katika Shirika la Utangazaji la Uganda, nyingi bila kuonwa na wananchi. Taifa lilipata kujitazama upya kwa sababu hakuna aliyezitupa.

Jumapili hii, basi, mama na baba wakae na watoto, waishushe kamera ya babu, na wazee waulizwe majina ya walio katika picha. Kamera yaweza kungoja fundi hadi mwezi ujao. Mzee anayezijua zile sura hangoji.