Tahariri: Ukizeeka, Shamba Atakulimia Nani?



Mwezi uliopita mzee mmoja wa chama chetu alikuja ofisini na fimbo yake, akaomba akopeshwe pesa ya unga. Jina lake hatuliandiki ukutani, si heshima. Mzee huyu ni mwanachama tangu wengi wetu hatujazaliwa. Tukamwuliza, mzee wetu, korosho za msimu uliopita zimekwenda wapi? Akajibu kwa sauti ya chini kwamba hazikuwa zake tena. Alikwisha kuziuza kangomba, mti ukiwa bado na maua, kwa bei aliyopangiwa na mnunuzi. Nguvu za kupuliza dawa hana. Wapaliliaji wanataka kulipwa. Wanawe wako Dar es Salaam, nao wanahangaika na watoto wao.

Tulichanga kidogo, akaenda zake. Lakini hatukulala vizuri siku ile.

Haya tunawaandikia vijana: nyie mliopata shamba la kwanza juzi, mnaoendesha bodaboda, mlioajiriwa mwaka jana. Tukiwaambia habari ya uzee mnacheka. Ati uzee bado! Hata yule mzee alikuwa na miaka 20, na tunaambiwa alikuwa mcheza ngoma hodari.

Mwalimu na karani wa serikali wakistaafu wana kiinua mgongo na pensheni. Kule Zanzibar serikali ilianza mwaka 2016 kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na zaidi, kila mwezi. Sisi wakulima wa bara hatuna pensheni ya namna hiyo. Pensheni ya mkulima ni ile aliyojitengenezea mwenyewe. Wengine husema watoto ndio pensheni. Sawa, mtoto mwema ni baraka, lakini mtoto naye ana tumbo lake. Si vizuri kumzaa mtu ukiwa umekwisha kumwandikia deni.

Sasa tupige hesabu, maana bila hesabu tunapiga domo tu. Kijana anayeleta ghalani kilo 1,200 akiweka akiba shilingi 100 kwa kila kilo, anaweka shilingi 120,000 kwa msimu. Tuseme mahali alipoweka panampa faida ya shilingi 6 kwa mia kila mwaka, naye haigusi. Akianza na miaka 20, akifika 60 atakuwa na kama shilingi milioni 18 na nusu. Mwenzake akianza na miaka 40, kwa kiasi kile kile, atakuwa na kama milioni 4 na laki 4. Wa kwanza ametoa mara mbili ya mwenzake, lakini amevuna zaidi ya mara nne. Faida inazaa faida, na inataka muda. Hapo ndipo kijana anapomshinda tajiri mzee.

Tusidanganyane, shilingi hupungua nguvu. Pesa ya kununua baiskeli leo, baada ya miaka 40 huenda isinunue hata tairi. Kwa hiyo akiba isiwe noti peke yake, na isikae chini ya godoro. Panda miti. Mikorosho mingi ya huku kusini ilipandwa na wazee wetu miaka ya 1950 na 1960, nasi tunaila mpaka leo bila haya, tena imechoka. Miche ya kubebesha huanza kuzaa mapema, na kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 eka moja huchukua miti kama 28. Eka moja ya miche mipya kila baada ya miaka michache, hiyo nayo ni akiba.

Mliokwenda kuajiriwa, neno moja. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kukukata wewe zaidi ya nusu yake. Ili ulipwe pensheni ya kila mwezi unatakiwa uwe umechangia miezi 180, yaani miaka 15. Basi usikubali tu kuona makato kwenye karatasi ya mshahara. Nenda ukaulize kama michango imefika kweli. Kijana wetu mmoja alikatwa miaka miwili, kumbe hakuna kilichopelekwa. Na asiye na mwajiri, mkulima au mwenye bodaboda, anaweza kujiandikisha mwenyewe.

Tunajua kinachonong'onwa kisimani: “Makato tena?” Tena wazee wanakumbuka mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa, mpaka sheria ya 1982 ilipovirudisha. Anayeuliza pesa yake itakaa kwa nani hana kosa, na sisi tungeuliza hivyo hivyo. Ndiyo maana pendekezo tunalolipeleka kwenye mkutano mkuu si la lazima. Anayetaka atajaza fomu kwamba shilingi 100 kwa kilo ziende kwenye akaunti ya akiba yenye jina lake mwenyewe, benki, si kwenye sanduku la chama. Katibu hataigusa, wala mwenyekiti. Kila miezi mitatu karani atabandika hapa ukutani idadi ya waliopelekewa na jumla ya fedha, na kila mtu atalinganisha na kitabu chake.

Habari ya yule mzee na wenzake nayo haijaisha. Kwao kuchelewa kumekwishatokea. Tunapendekeza vijana wa kila balozi wapulizie dawa mashamba ya wazee wasiojiweza, walipwe wakati wa mauzo, ili wazee wasikimbilie kangomba.

Mkutano ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa 3 asubuhi, chini ya mwembe wa ghala. Fomu ziko kwa karani. Anayepinga naye aje aseme pale pale, asingoje njiani.