Seneta Huru Si Yatima

Wenzangu wa chama, tuache kumcheka seneta huru eti hana kwao. Kirinyaga walimchagua Charles Kibiru mwaka 2017 bila chama, na kwenye mambo ya kaunti kura yake ilikuwa sawa na ya Nairobi. Kifungu cha 123 cha Katiba kiko wazi: kila kaunti kura moja, zote 47.

Mwaka 2020 mgao wa pesa za kaunti ulikwama kikao baada ya kikao. Seneta wa chama alitazama nyumbani, akatazama na simu ya mkubwa. Huru hana barua ya nidhamu ya kuogopa (kamati nono pia hapati kirahisi, tusidanganyane).

Sasa viongozi wetu, mgao ukirudi, msiwatishe maseneta wetu. Waachieni kaunti zao.