Kumkanda mzazi si kumdekeza

"Uchungu wa uzazi hauna dawa ya mikono. Kumkanda mwanamke ni kumdekeza tu." Kauli hii inaaminiwa kwa sababu nusu yake ni kweli: mikono haiuondoi uchungu. Huupunguza. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kuwa taarifa za maumivu hupitia uti wa mgongo kabla ya kufika kwenye ubongo, na mguso unaweza kuzizuia kwa kiasi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unapendekeza kukandwa, au kuwekewa kitambaa chenye joto, kwa mjamzito mwenye afya anayetaka nafuu. Tusikuze mambo: nafuu huonekana zaidi njia inapofunguka kuliko wakati wa kusukuma.

Mama ameinamia kitanda, kiuno kinamkata. Uchungu unapopanda, msaidizi huweka kitako cha kiganja kwenye mfupa bapa ulio juu kidogo ya matako, akaegemea hapo kwa uzito wa mwili mpaka uchungu ushuke. "Chini kidogo. Hapo hapo." Mwenye kuamuru ni mama. Asiyetaka kuguswa aachwe.

"Basi akandwe tumbo, mtoto ashuke." Hapana, hata kidogo! Kulikandamiza tumbo kunaweza kubandua kondo la nyuma au kuchana mfuko wa uzazi, hasa kwa aliyewahi kujifungua kwa upasuaji. Mtoto aliyekaa vibaya ni kazi ya hospitali. Na tumbo likiwa gumu muda wote bila kuachia, au damu ikitoka nyingi, kukanda kukome, aitwe mkunga mara moja.

"Bibi zetu walizaa bila hayo." Wengi wao walizaa katikati ya wanawake waliowajua, wakishikwa mgongo na kiuno. Hospitali ni salama zaidi, na tuendelee kwenda. Tulichokiacha nyumbani ni yule mtu wa pembeni.

"Nesi hana muda." Kweli hana, akiwa na wazazi kadhaa kwa zamu moja. Ndiyo maana mwongozo ule ule wa Shirika la Afya Duniani unataka kila mama awe na msindikizaji aliyemchagua mwenyewe, na nesi anaweza kumwelekeza mahali pa kukanda kwa dakika chache tu.

"Wodi ya leba haina faragha, msindikizaji asiingie." Hilo ni tatizo la kweli, na dawa yake ni mapazia kati ya vitanda; yasipokuwapo, aruhusiwe msindikizaji wa kike. Kumzuia dada wa mama getini mpaka mtoto azaliwe hakumsitiri mtu yeyote.