Usiniite Ndugu Kabla Hujaniambia Unalipwa Ngapi

Kuna stori ambayo watu wa bendi huipenda sana. Titanic inazama usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912, na wanamuziki wanane wako juu wanapiga. Maji yanapanda, wao wanapiga tu. Hakupona hata mmoja. Ukijiunga na bendi yoyote ya kazi, lazima utampata mzee wa kukupa stori hii, kidole juu: unaona vile wanamuziki wanashikana?

Sawa. Ila huwa wanaikata pale inapoanza kuiva.

Wale wanane hawakuwa hata bendi moja. Kulikuwa na kundi la watano chini ya Wallace Hartley, na lingine la watatu, kila moja na sehemu yake ya kupiga melini. Kampuni ya meli haikuwa imewaandika. Walikuwa wameandikwa na wakala wa Liverpool, ndugu wawili kwa jina Black, waliokuwa wamenyakua kandarasi za muziki kwenye meli kubwa kubwa. Kabla yao mwanamuziki wa meli alipata karibu pauni 6 na nusu kwa mwezi. Chini yao ikashuka hadi 4. Na melini walipanda kama abiria wa daraja la pili, tikiti moja ya watu wanane.

Mmoja wao alikuwa John Hume, mpiga fidla, miaka 21. Tarehe 30 Aprili, mwezi haujaisha, wakala akamwandikia babake barua ya kudai shilingi 5 na peni 4. Pamoja na deni la yunifomu. Yaani kijana amekufa maji akiwa kazini, na mzazi anatumiwa bili ya koti. Familia zilipotafuta fidia, kampuni ya meli ikasema hawa hawakuwa wafanyakazi wake. Walikuwa abiria.

Kila nikisikia “sisi hapa ni familia” kwenye mazoezi, mimi hufikiria hiyo bili.

Sina shida na urafiki, bana. Hakuna kazi inayowasukuma watu karibu kama bendi ya meli ya kitalii. Miezi mingi bila kwenda nyumbani. Kabini iko huko chini, haina dirisha, mnalala wawili kwenye kitanda cha ghorofa. Unajua mpiga besi anavyokoroma, unajua sauti yake inavyobadilika akiongea na mtoto wake kwa simu. Mnapiga dakika 45, mnapumzika kidogo, mnarudi, mpaka usiku uishe. Akipanda mwimbaji mgeni, mnapewa nota mchana na usiku mnampigia ukumbi mzima kama mmemjua miaka. Ukipotea katikati ya wimbo, mwenzako anakurudisha kwa jicho tu. Hicho ni kitu cha thamani, na ndiyo maana inaniuma kuona wajanja wakikigeuza mtego.

Kwa sababu angalia: huyo mtu anayejua mpaka dawa unazomeza hajui unalipwa ngapi. Akiuliza, ataambiwa ana tamaa, anaharibu vaibu.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili nilipiga kinanda msimu mmoja kwenye hoteli ya Pwani kusini. Hoteli ya ufuoni ni meli isiyosonga: wageni wale wale, shati za maua zile zile, na “Jambo Bwana”, ambao Them Mushrooms waliutoa 1982, mara mbili kila usiku. Tulikuwa watano. Pesa ilikuja kwa bahasha, kila mtu yake, na kiongozi alikuwa na sheria moja: bahasha haifunguliwi mbele ya watu. Ati heshima.

Siku moja tuko Ukunda tunakula viazi karai, kiongozi hayuko, mpiga gita akataja yake bila hata kupanga. 2,500 kwa usiku. Mimi 1,800, mpiga ngoma 1,800. Dada aliyekuwa anaimba, ambaye wageni walikuwa wanarudi kwa sababu yake, 1,500, na kutoka kwa hiyo alikatwa pesa ya nguo za jukwaani. Ya nguo! Miaka zaidi ya mia imepita na bado koti linadaiwa.

Tukaenda wanne kwa meneja tukamuuliza hoteli inatoa ngapi. Hakuwa na sababu ya kuficha: 15,000. Piga hesabu mwenyewe ujue baba wa familia alikuwa anabaki na ngapi. Wiki iliyofuata tulianza kugawana sawa, 3,000 kila mtu, naye pamoja. Alinuna, lakini hakuacha kupiga, na kusema ukweli bendi haijawahi kusikika vizuri kama msimu ule.

Sasa kuna wale husema muziki si kazi ya kiwanda, ukiingiza hesabu roho inatoka. Kwani wakala yeye hahesabu? Kampuni ya meli inajua kila soda iliyonywewa kwenye baa wakati ukipiga. Wewe peke yako ndiye unayeambiwa usihesabu.

Na hii habari ya “wewe ni msanii, si mfanyakazi” hupotea haraka sana maji yakiingia. Tarehe 4 Agosti 1991 meli ya Kigiriki, Oceanos, ilizama kwenye pwani ya Afrika Kusini. Nahodha aliondoka abiria wakiwa bado melini. Waliobaki kuwatoa watu ni watumbuizaji, akiwemo mpiga gita Moss Hills, aliyeishia kushika redio ya meli kuomba msaada. Watu wote 571 waliokolewa. Mpaka leo mwanamuziki wa meli hupewa kazi yake ya dharura na hufanya mazoezi ya kuokoa abiria kama wafanyakazi wengine.

Sheria nayo ipo, ni vile hakuna anayekusomea. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa 2006, ambao Kenya imeuridhia, unamhesabu kama baharia mtu anayefanya kazi melini kwa nafasi yoyote ile. Unadai upate angalau saa 10 za kupumzika katika kila 24. Na unamkataza ajenti kukutoza ada ya kukutafutia kazi: gharama zako ni pasipoti, kitabu cha ubaharia na cheti cha daktari. Kwa hivyo yule jamaa wa ofisi ya chumba kimoja anayekuitisha 80,000 “ya kushikilia nafasi” anakuibia, hata kama kwenye simu anakuita brathe.

Ukipata nafasi hiyo, panda, ukaone dunia. Lakini usiku wa kwanza kabinini, kabla hamjaanza kubishana nani analala juu, muulize mwenzako analipwa ngapi, alimlipa ajenti ngapi, na karatasi yake inasema mwajiri ni nani. Akisita, mtajie yako kwanza.