Dawa ya Kuvu ni Kuvu

Gunia la mahindi kutoka mashambani likifika, usidhani kupika kutaondoa aflatoksini. Mwaka wa 2004 sumu hiyo iliwaugua watu 317 nchini, wengi wao wa Makueni na Kitui, 125 wakafa.

Sumu yenyewe hutolewa na kuvu. Ajabu ni kwamba kinga yake mojawapo ni kuvu vilevile. Dawa ya moto ni moto! Aflasafe KE01 ni punje za mtama uliokaangwa usiote, zikapakwa kuvu ya ukoo uo huo ila haina sumu. Mkulima hunyunyiza shambani kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kuchanua. Kuvu hiyo huwahi nafasi, ile mbaya ikabanwa.

Waulize wazee kama waliitumia msimu huu. Lakini bado wayakaushe mahindi sawasawa kabla ya kuyatia guniani.